Mkufu wa Onorina

Daktari Zanier ameniandikia niasini,
tembe moja baada ya chakula cha jioni,
kwa kuwa lehemu katika damu yangu imeganda kama grisi
kwenye mnyororo wa ile baiskeli
niliyosambazia barua miaka thelathini na sita.
"Uso utawaka," alisema. "Usiogope. Dakika ishirini, basi."

Uso uliwaka.
Ulianzia masikioni, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni,
ukateremka shingoni, ukashika mabega,
nikasimama mbele ya kioo cha bafuni
mwekundu kama kamba aliyechemshwa,
na hapo nikamwona yeye.

Onorina Tomadin, mama wa bibi yangu.
Ninamjua kwa karatasi moja tu,
nakala niliyoilipia kwenye hifadhi ya hospitali, Udine:
*Aprili 1894. Umri, thelathini na mmoja. Analima ardhi ya wengine.
Ngozi ya mikono nyekundu, kisha nyeusi, kana kwamba amevaa glavu.
Shingoni, duara la magamba.
Tumbo halishiki kitu.
Anasema majirani wamelishonea jua ndani ya godoro lake.*

Duara la shingoni.
Sidhani aliwahi kuwa na mkufu mwingine.

Chakula: karani ameandika neno moja, polenta.
Sima ya mahindi ya njano asubuhi, imekatwa kwa uzi.
Sima mchana. Sima usiku,
kila kipande kikipakwapakwa kwenye samaki mkavu
aliyening'inia juu ya meza,
ili kimwibie harufu tu.
Samaki yuleyule, wiki nzima, macho wazi.
Maziwa yalikuwa ya mwenye shamba.
Hata mayai, mke wa msimamizi aliyahesabu yangali na joto la kuku.

Na niasini ilikuwemo ndani ya mahindi!
Hilo ndilo linaloniuma.
Ilikuwemo, imefungwa kama barua iliyopakwa gundi pande zote,
na tumbo halina kucha za kuifungulia.
Ng'ambo ya bahari, kina mama wa Meksiko
waliyachemsha mahindi kwa chokaa, na barua ikafunguka.
Meli zilituletea mbegu.
Hakuna aliyewauliza wale kina mama wanapikaje.

Basi seli zake zikakosa kuni na maji kwa pamoja:
hazina cha kuwashia kazi, hazina cha kuzimia moto.
Jua la masika likigusa, ngozi inaungua.
Utumbo ukachubuka.
Akili ikaanza kuongea na godoro.
Waganga wakalaumu ukungu wa ghala, wakalaumu damu ya ukoo.
Hospitalini akanywa maziwa, akala mchuzi wa nyama,
na baada ya wiki saba karani akaandika *amepona*.
Wakamrudisha kwenye polenta.
Aprili iliyofuata akarudi.
Na iliyofuata.
Karatasi inaishia hapo.

Nilimuuliza Zanier: hii kitu inazima au inawasha?
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Ikikosekana, mwili unawaka. Ikitosha, unatulia.
Ikizidi, yanabaki masalia, na wapo wanaoshuku
kwamba masalia hayo yanachokoza kuta za mishipa.
Hatujajua vya kutosha."
Nilimpenda kwa hilo *hatujajua*.
Onorina hakuambiwa hivyo na yeyote.

Dawa ya moto ni moto, sawa,
lakini nani aliyeupima ule wa kwanza?
Ngozi yake iliwaka kwa kukosa,
yangu inawaka kwa shibe, kwa jibini, kwa soseji za Krismasi,
na ni wekundu uleule, shingo ileile.

Jumamosi nilinunua samaki wa kukaushwa kwa moshi, mmoja.
Nikasonga polenta, nikaikata kwa uzi.
Nikamlaza samaki juu, mzima, na kichwa chake.
Sikupakapaka.
Nilimla mpaka nikasikia miiba.